Ukiwagawia wengine ulimwengu ulioubuni, unabakiwa na nini?

MNAMO mwaka 1986, mfanyakazi wa kampuni ya TSR ya Marekani alimpigia simu mtumishi wa maktaba nchini Canada na kumuuliza swali lisilo la kawaida: je, ana ulimwengu mzima nyumbani kwake, au hubuni mambo kadiri anavyoendelea kuandika?

Jibu alilopewa ni kwamba yote mawili ni kweli.

Mtumishi huyo alikuwa Bw Ed Greenwood. Ulimwengu wenyewe aliuita Forgotten Realms, naye alianza kuubuni katika miaka ya 1960 akiwa mtoto wa takriban miaka minane, ili apate mahali pa kuziweka hadithi zake. Kufikia siku alipopigiwa simu alikuwa na ramani, miji, miungu, nasaba za wafalme, hata maelezo ya vitabu vya wachawi ambavyo havikuwahi kuwepo.

Karatasi hizo zilifungwa katika vifurushi zikatumwa kwa kampuni. Mwaka 1987 zikaingia madukani zikiwa bidhaa. Tangu hapo, mmiliki wa ulimwengu ule kisheria si yule mtoto aliyeuanza.

Kisa hiki kinawahusu vijana wengi ambao leo wana daftari lililojaa falme, mazimwi na majoka, na wanaotamani kuwaonyesha wengine. Kabla ya kulifungua daftari hilo, yafaa kujua kinachotoka na kinachobaki.

Kwa wasioufahamu, mchezo wa kuigiza wahusika huchezwa na watu wachache walioketi mezani. Mmoja ni mwendeshaji. Yeye ndiye hueleza mahali palivyo, huwasemea wapita njia wote na huamua matokeo ya vitendo. Waliosalia, kila mmoja ana mhusika wake, awe shujaa, mwizi au mchawi, naye hutamka anachotaka kufanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa.

Aliyekulia palipotambwa hadithi jioni hatapata tabu kuuelewa. Tofauti ni kwamba hapa hadhira inaruhusiwa kumkatiza fanani na kuupinda mkondo wa ngano.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu. Waandishi wake, marehemu Gary Gygax na marehemu Dave Arneson, kila mmoja alikuwa na ulimwengu wake. Gygax alikuwa na Greyhawk katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Arneson alikuwa na Blackmoor katika jimbo jirani la Minnesota, nao ulikuwa ukichezwa tangu 1971.

Blackmoor ndio unaotufunza maana ya kwanza ya kugawana. Wachezaji wa Arneson waliposhindwa kuilinda ngome yao, ilitekwa na maadui, na wahusika wao wakahamishwa kwenda kuishi kando ya ziwa la mbali. Mwendeshaji hakuifuta aibu hiyo. Aliiacha iwe sehemu ya historia ya nchi, na michezo iliyofuata ikaanzia pale.

Hapa ndipo wabunifu wengi chipukizi hukosea. Mtu hutumia miezi sita akiandika vita vya miaka elfu moja iliyopita, kisha huwaketisha rafiki zake na kuwasomea kurasa arobaini. Kufikia ukurasa wa tatu, mmoja anasinzia na mwingine anachezea simu. Si kwamba kazi ni mbovu. Wamealikwa karamuni wakaonyeshwa orodha ya vyakula bila kupewa sahani.

Wenye uzoefu huanza na kijiji kimoja, mto mmoja na ugomvi mmoja. Mchezaji akiuliza ng'ambo ya mlima kuna nini, swali lake ndilo linaloizaa nchi ya pili. Bw Greenwood amekiri mara kadhaa kwamba kiu ya wachezaji wake wa nyumbani, waliotaka kujua mambo madogo madogo ya maisha ya kila siku, ndiyo iliyoupa ulimwengu wake unene. Pengo lililoachwa kwa makusudi ni mwaliko.

Hata hivyo, mwaliko huo una gharama. Baada ya miaka miwili ya kucheza, huenda malkia wa nchi yako alibuniwa na binamu yako, na dini ya kaskazini ikawa ilitokana na utani wa jirani. Siku utakapotaka kuchapisha kitabu, hao nao wana neno la kusema. Ni heri kuwaomba ruhusa mapema, tena kwa maandishi, kuliko kukutana nao wakiwa wamenuna.

Maana ya pili ya kugawana ni kuwapa wageni usiowajua, na hapo ndipo moyo huumia.

TSR ilipoupokea ulimwengu wa Bw Greenwood, haikuuacha ulivyokuwa. Visiwa vya Moonshae, ambamo riwaya ya kwanza ya Forgotten Realms ilijengwa mwaka 1987, vilitokana na mradi mwingine kabisa, kazi ya Bw Douglas Niles. Vilibandikwa tu juu ya ramani. Mwaka uliofuata Bw R.A. Salvatore alimleta Drizzt Do'Urden, mhusika aliyekuja kupata umaarufu kuwapita karibu wote aliowabuni mwanzilishi. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2023, Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta unaosimuliwa ndani ya ulimwengu uo huo, ulitawazwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards.

Sisi tunaohariri makala za wengine tunaujua uso wa mwandishi anapoiona kazi yake gazetini ikiwa na aya asiyoitambua. Bw Greenwood yaelekea aliubeba uso huo kwa subira, kwani aliendelea kuandika vitabu vya ulimwengu ule chini ya wamiliki wapya.

Gygax hakuwa na subira hiyo. Alipoondoka TSR mwaka 1986, Greyhawk ilibaki mikononi mwa kampuni. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilitoa kitabu cha kuichekesha ngome ambayo yeye ndiye aliyeibuni. Mwaka uo huo naye, katika riwaya aliyoichapishia kwingine, aliiangamiza sayari yote ambamo Greyhawk ilikuwamo. Ni kisasi cha ajabu: mwenye nyumba aliyefukuzwa anaichoma kwenye karatasi, ilhali wapangaji wanaendelea kulala humo.

Arneson alichagua mahakama. Alifungua kesi dhidi ya TSR mwaka 1979 kuhusu mrabaha na kutambuliwa kwake, na pande hizo zikapatana mwaka 1981.

Kizazi kilichofuata kiliingia macho wazi zaidi, ingawa bei haikupungua. Mwaka 2002, Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, iliwaalika watu kuwasilisha walimwengu wao. Maombi zaidi ya 11,000 yalipokewa, kila moja likianza na ukurasa mmoja. Mshindi, Bw Keith Baker, aliona Eberron yake ikichapishwa mwaka 2004. Lakini haki za walimwengu wote watatu waliofika fainali zilichukuliwa na kampuni. Mmoja wa wale wawili wengine, Bw Rich Burlew, alijipatia jina kwa katuni zake, huku ulimwengu aliouwasilisha ukibaki kabatini mwa mnunuzi.

Je, mbunifu wa hapa Kenya analindwa vipi?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda kazi iliyofanyiwa juhudi za kutosha kuwa na sura yake yenyewe, na ambayo imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika. Wazo tupu halina mwenyewe. Mji wa majini chini ya bahari yeyote anaweza kuufikiria. Maelezo uliyoyaandika na ramani uliyoichora ndiyo yako, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako. Ulichokisimulia mezani pasipo kukiandika wala kukirekodi ni vigumu kukidai.

Kwa mujibu wa sheria iyo hiyo, kuhaulisha hakimiliki hakufanyiki kwa mdomo. Sharti kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Kwa hivyo kijana anayeletewa karatasi aisome yote, na atofautishe maneno mawili yanayofanana kwa mbali: kuhaulisha, yaani kuutoa umiliki, na kutoa leseni, yaani kumruhusu mwingine atumie huku mwenye mali ukibaki wewe.

Leseni nazo hutofautiana. Mwaka 2000 Wizards ilitoa leseni iliyowaruhusu watu kutumia kanuni za msingi za mchezo wake kujengea vitabu vyao, huku majina ya walimwengu wake yakibaki yamefungwa. Maelfu walijenga juu ya ahadi hiyo. Ilipofichuka Januari 2023 kwamba kampuni ilikuwa inataka kuibadilisha, wachezaji walizusha ghadhabu kubwa hata ikarudi nyuma kabla ya mwezi kwisha. Isitoshe, iliziweka kanuni hizo chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kutenguliwa kwa anayezifuata.

Mtu binafsi anaweza kuitumia njia iyo hiyo kwa ulimwengu wake: kuwaruhusu wengine wauandikie mradi wamtaje, na akipenda, kuwakataza kuuza. Uamuzi huo lakini ufanywe kwa utulivu, maana aliyekwisha kuichukua kazi kwa leseni ya namna hiyo hapokonywi.

Bw Greenwood aliuza, ila hakutoka mikono mitupu. Ameeleza hadharani kwamba mkataba wake ulimwachia jambo moja: lolote atakalosema kuhusu Forgotten Realms huhesabiwa kuwa kweli, hadi mwenye haki atakapochapisha kitu kinachompinga.