Amri za Magonjwa: Hesabu Siku za Nyongeza

HEDARU, Same

Mfanyabiashara wa mazao hapa Hedaru, wilayani Same, huuliza mambo matatu kabla ya kufunga mzigo: bei ya shambani, nauli ya lori na bei ya sokoni. Miaka ya karibuni imeongeza swali la nne. Serikali ikitoa amri ya muda kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, muda huo ni siku ngapi hasa?

Kumbukumbu za Afrika Mashariki zinaonyesha kuwa tarehe ya kwanza ya mwisho haitoshi kupangia biashara.

Mfano wa karibu ni Kenya. Aprili 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alizuia watu kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi kwa siku 21 kutokana na Korona. Muda uliongezwa Aprili 25, ukaongezwa tena Mei 16, na mara ya tatu Juni 6. Zuio liliondolewa Julai 6. Siku 21 zilikuwa zimegeuka 91. Mombasa nayo, iliyofungwa siku mbili baada ya Nairobi, ilisubiri hadi tarehe hiyo hiyo.

Amri ya kutotoka nje usiku ilidumu zaidi. Ilianza Machi 27, 2020 kwa siku 30, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Saa zilibadilishwa mara kadhaa na muda ukasogezwa mbele kila ulipokaribia kwisha. Ilifutwa Oktoba 20, 2021, baada ya karibu miezi 19.

Kwa Hedaru hayo si mambo ya mbali. Mji uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi. Lori likipita Same na Mwanga hadi Himo, njia ya kulia inakwenda Holili, na ng'ambo ya mpaka ni Taveta.

Amri za Kenya ziliruhusu malori ya chakula na mizigo kupita. Aliyekwama ni mnunuzi, yule anayefuata mzigo shambani, anayekagua na kulipa fedha taslimu. Mei 16, 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaacha mizigo tu, na madereva wakatakiwa kupimwa. Baadhi ya mikoa ya mpakani ya Tanzania ilijibu kwa kuzuia malori ya Kenya, hadi viongozi wa pande mbili walipokutana Namanga Mei 22.

Gharama ya kukwama inaonekana wazi katika hesabu ndogo ya mfano. Mtu amenunua matenga 100 ya nyanya kwa shilingi 20,000 kila tenga, akalipa nauli na ushuru shilingi 500,000. Mtaji ni shilingi milioni 2.5. Akiuza yote kwa shilingi 30,000 kila tenga, anapata faida ya shilingi 500,000. Lori likichelewa siku mbili na matenga 20 yakaoza, atapata shilingi milioni 2.4. Faida imekwisha, na hasara ni shilingi 100,000.

Mwenye tangawizi, mahindi au maharage anaweza kusubiri kidogo. Nyanya haisubiri tangazo la serikali.

Nyongeza zenyewe hazitolewi bila sababu, kwani ugonjwa haufuati kalenda. Mwaka 2022 Uganda ilipambana na Ebola. Oktoba 15 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa siku 21. Muda uliongezwa mara mbili, na wilaya hizo zikafunguliwa Desemba 17, baada ya siku 63.

Aliyeujua ugonjwa angeweza kubashiri hilo. Dalili za Ebola huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Kwa hiyo, ilimradi wagonjwa wapya waendelee kupatikana, siku 21 za kwanza haziwezi kutosha. Mfanyabiashara anayefuatilia idadi ya wagonjwa wapya ana habari bora kuliko anayengojea tarehe iliyoandikwa kwenye amri.

Jambo la pili ni kujua nani ana uwezo wa kuongeza muda. Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kutangaza hali ya hatari, lakini Bunge lazima liitishwe ndani ya siku 14 na kuunga mkono kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Tangazo hukoma baada ya miezi sita, ila Bunge likiongeza kwa wingi huo huo. Katiba ya Kenya nayo huweka siku 14, kisha Bunge ndilo linaloongeza.

Hata hivyo, mwaka 2020 si Tanzania wala Kenya iliyotangaza hali ya hatari. Kenya ilitumia sheria za kawaida za usalama na afya. Tanzania haikufunga miji yake, lakini shule zilizofungwa Machi 17 kwa siku 30 ziliongezewa muda usio na kikomo, na wanafunzi wa shule za msingi wakarudi Juni 29. Nyongeza za namna hii hazingoji mjadala wa Bunge. Tangazo la jioni moja linatosha.

Wawekezaji wadogo nao wanahusika. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Aprili 2020 hadi Mei 18. Mwenye hisa za kampuni inayohudumia ndege, kama Swissport Tanzania iliyoko Soko la Hisa la Dar es Salaam, anabeba hatari ile ile ya mwenye matenga ya nyanya.

Kwa wauzaji wa Hedaru, hatua za tahadhari ni chache. Mzigo ugawanywe kati ya masoko ya ndani na ya nje. Mkopo wa mnunuzi wa ng'ambo uandikwe, pamoja na nani atabeba hasara mpaka ukifungwa. Na amri ikitangazwa kwa siku 21, mtaji upangwe kwa siku 63.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari hilo sasa ziwekwe safu mbili za tarehe: ya serikali na ya ugonjwa.