Ghala la Sauti za Kilungu: Safu ya Diski na Mipaka ya Ulinzi Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema namna ya kuingia nyanjani: aombe idhini, amheshimu fanani, anase sauti, anukuu, atafsiri, kisha achanganue. Yanayofuata baada ya hapo hayafunzwi sana. Sauti zenyewe huwekwa wapi? Aghalabu huachwa ndani ya kipakatalishi cha mtafiti, au katika diski ya nje iliyotiwa kwenye mtoto wa meza, na mtoto huyo wa meza hufunguliwa miaka kumi baadaye na mtu asiyejua kilichomo. Makala hii inanuia kufafanua njia moja ya kuhifadhi sauti hizo kwa pamoja, yaani kuunganisha diski kadhaa ziwe safu moja na kuiweka safu hiyo kwenye mtandao wa idara. Mfano wetu ni Kilungu, katika kaunti ya Makueni, ambako baadhi yetu tulikusanya ngano na nyimbo, na ambako tulipata hasara iliyotulazimu kuyasoma mambo haya.

Mwaka mmoja tulirejea kutoka Kilungu tukiwa na saa 32 za sauti. Zote zilihamishiwa katika diski moja ya nje, na kadi za vinasa sauti zikafutwa ili zitumiwe na kundi jingine. Wiki ya tatu diski hiyo ilianza kutoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Fundi tuliyempelekea alituambia kwamba kichwa cha kusomea kilikuwa kimekwaruza sahani ambamo data huandikwa. Tulirudi Kilungu kurekodi upya, na mengi tuliyapata. Lakini susu mmoja, kama Wakamba wamwitavyo nyanya, ambaye alituimbia nyimbo za kilumi na kutueleza kila wimbo uliimbwa lini na kwa sababu gani, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Tulichosalia nacho ni kurasa mbili za daftari, zenye maneno lakini zisizo na lahani.

Reidi ni nini?

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyopendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, diski nyingi ndogo za bei nafuu zipangwe pamoja zifanye kazi kama diski moja, huku baadhi ya nafasi ikitengwa kwa ajili ya kufidia ile itakayokufa. Mpango huo ulipewa akronimu ya RAID, ambayo hapa tutaiandika reidi. Herufi ya tatu ilisimamia ‘nafuu’. Baadaye, biashara ilipopamba moto, ilifasiriwa upya kuwa ‘huru’, na si vigumu kukisia kwa nini muuzaji hakupenda neno la kwanza.

Kuhusu istilahi, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba tarakilishi bila kulemewa. Hata hivyo vifaa vya seva havikupata bahati ya kuvijia vinywani mwa watu. Hapa tutasema ‘safu’ kwa diski zilizoungana na ‘ghala’ kwa kifaa kizima kinachofikiwa kupitia mtandao. Tumeepuka ‘hifadhi ya mtandaoni’ kwa kuwa msomaji ataielewa kuwa ni ile iliyoko ng’ambo, inayokodishwa kwa mwezi. Ghala letu liko chumbani, twaweza kuligusa, na hufanya kazi hata intaneti inapokatika. Mkamba angeliita ikumbi.

Diski iliyokufa hufidiwaje? Msomaji wa ushairi atalielewa jambo hili kwa mfano wa mizani. Chukua mshororo wa mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Iwapo mchwa wameula utao, nawe unajua jumla na unauona ukwapi, utajua kwamba mizani 8 zimepotea, ingawa hutajua maneno yenyewe. Tarakilishi ina bahati kuliko sisi. Kwa kuwa huandika kila kitu kwa 0 na 1 tu, kwake kuijua hesabu ni kulijua neno. Tuseme diski tatu zimeandikwa 1, 0 na 1. Kanuni ni kwamba idadi ya 1 katika safu nzima sharti iwe shufwa. Hapo zipo mbili, kwa hiyo diski ya nne huandikwa 0. Diski ya pili ikifa, zilizobaki zinasomeka 1, 1 na 0. Idadi ya 1 tayari ni shufwa, basi iliyopotea haikuwa ila 0. Hesabu hii hurudiwa mabilioni ya mara, na ngano nzima huzaliwa upya katika diski mpya.

Huo ndio msingi wa reidi 5, ambayo huhitaji angalau diski tatu na huhimili kifo cha moja. Biti za ulinzi hazikai katika diski moja maalumu bali hugawanywa kwa zamu katika zote. Reidi 6 huweka ulinzi wa aina mbili, hivyo huhimili vifo viwili, na huhitaji angalau diski nne. Reidi 1 ni kioo tu: kila kilichoandikwa huku huandikwa na kule. Reidi 10 hugawa data katika jozi za vioo. Ama reidi 0, jina lake linatosha. Data hutawanywa ili kupata kasi, na diski moja ikifa zote zimekufa. Mtu akikuuzia hiyo kwa jina la usalama, mkimbie.

Kuisimika safu

Tulinunua sanduku lenye nafasi nne na diski nne za terabaiti 4 kila moja. Zingetupa terabaiti 12 za kutumia katika reidi 5, au 8 katika reidi 6 na reidi 10. Kishawishi cha kuchagua 12 kilikuwa kikubwa, hasa kwa mweka hazina wetu. Lakini saa moja ya sauti ya njia mbili, ikinaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa sampuli, ina takriban gigabaiti 1. Saa zetu 32 hazifiki hata gigabaiti 35. Hatukuwa na uhaba wa nafasi. Tulikuwa na uhaba wa susu.

Sababu ya pili ni ya kihesabu. Diski inapobadilishwa, kuijaza mpya yenye terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11, na muda huo wote diski zilizobaki, ambazo ni za umri uleule, husomwa pasipo kupumzika. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutaja kuwa kikomo kosa moja lisilosahihishika kwa kila biti trilioni 100 zisomwazo, yaani takriban terabaiti 12.5. Safu yetu ikiwa ya reidi 5 na imejaa, kuijenga upya kungedai kusoma terabaiti 12 bila kukosea. Katika reidi 6, diski moja ikifa, bado upo ulinzi mmoja wa kusahihisha kosa kama hilo. Tukachagua reidi 6.

Mkulima wa Kilungu hahitaji kuelezwa sana hoja hiyo. Ukiacha barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa na kupanda kuelekea Nunguni, utaona miteremko imekatwa kwa matuta ya ‘fanya juu’, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wa mataifa mengine wamelichukua lilivyo. Hategemei tuta moja. Mvua ikilibomoa la juu, la chini huyapunguza maji nguvu.

Sanduku huunganishwa na swichi kwa kebo, wala si kwa mawimbi ya redio, na hupewa anwani isiyobadilika ili tarakilishi nyingine ziweze kulipata siku zote. Swichi yetu ya zamani ya megabiti 100 ilipitisha takriban megabaiti 12 kwa sekunde, na kuhamisha saa 32 za sauti kulichukua dakika 46 hivi; ya gigabiti 1 huifanya kazi hiyo kwa takriban dakika tano. Tarakilishi za Windows hulifikia ghala kwa itifaki ya SMB, ambayo kwenye Linux hutolewa na programu ya Samba. Zile za Linux zaweza kutumia NFS. Anayeamua kujiundia ghala kwa tarakilishi kuukuu yenye Linux ataisimika safu kwa programu ya mdadm, bila kulipia leseni yoyote.

Ruhusa ndizo zenye kudai busara. Tuligawa ghala mara tatu. Katika Mapokezi kila mtafiti huweka alichorudi nacho. Katika Asilia rekodi huingizwa na mlinzi wa ghala peke yake, na wengine wote husoma tu. Katika Kazi watu hukata, hunukuu na kuharibu wapendavyo. Ghala lenyewe halikufunguliwa kwa intaneti. Mwaka 2021 na 2022 programu haramu zilizoitwa Qlocker na DeadBolt ziliyafunga mafaili ya watu katika maelfu ya masanduku ya QNAP yaliyoachwa yakifikika kutoka nje, na wenyewe wakadaiwa fidia.

Kuitunza

Safu huugua kimya. Reidi 6 iliyopoteza diski mbili huendelea kufanya kazi kana kwamba haina neno, na asiyeitazama hujua siku ya tatu, yaani siku ya msiba. Kwa hiyo jambo la kwanza kulisimika baada ya safu ni tahadhari: barua pepe impate mlinzi wa ghala, na nakala yake impate mtu wa pili, kwa sababu wanafunzi huhitimu. La pili ni ukaguzi wa kila mwezi, ambapo safu husomwa yote ili kasoro zilizojificha zionekane mapema. Debian huufanya wenyewe Jumapili ya kwanza ya mwezi.

La tatu linaonekana dogo. Andika namba ya utambulisho ya kila diski kwenye karatasi na kuibandika mbele ya nafasi yake. Wengi wamepoteza data si kwa sababu diski ilikufa, bali kwa sababu kwa haraka walichomoa iliyo hai. Aidha, weka diski moja mpya kabatini, maana kuagiza Nairobi huchukua siku, na siku hizo ndizo za hatari. Umeme nao hauna ahadi. Tarehe 25 Agosti 2023 ulipotea karibu Kenya nzima. Betri ya akiba iliyounganishwa na sanduku kwa waya wa taarifa huliwezesha kujizima kwa utaratibu badala ya kukatwa katikati ya kuandika.

Reidi isichoweza

Hapa ndipo wengi hupotoka. Reidi hulinda dhidi ya kifo cha diski, basi. Ukifuta faili, itafutwa katika safu nzima kwa uaminifu uleule iliyohifadhiwa nao. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data ya utafiti kutokana na hitilafu katika programu iliyokusudiwa kutunza nakala. Moto nao hauulizi ni reidi ya ngapi. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazili yaliteketea mjini Rio de Janeiro pamoja na hazina ya isimu iliyokuwa na kumbukumbu za lugha za wenyeji ambazo nyingine hazina tena wasemaji. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu ya makusanyo yake ya taaluma za Afrika.

Kwa hiyo ghala sharti liwe na chelezo, yaani nakala iliyo mahali pengine kabisa. Kanuni iliyozoeleka ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kinaya ni kwamba Kituo cha Kitaifa cha Data kimejengwa Konza, si mbali na milima ya Kilungu; ila uhifadhi wa namna hiyo hudai intaneti ya kudumu na bajeti ya kudumu, na chama cha wanafunzi hakina hata kimoja.

Upo pia upotevu usiohitaji moto. Faili iitwayo REC0017 imepotea hata ikiwa salama. Kila rekodi yetu sasa huambatana na karatasi ya maelezo: mahali, tarehe, utanzu, lahaja, na idhini ya fanani, ambayo si hisani tu tangu Kenya ilipotunga Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Tumejifunza vilevile kutotia ĩ na ũ za Kikamba katika majina ya mafaili. Herufi hizo zaweza kuandikwa kwa njia mbili katika mfumo wa Unikodi, ama kama alama moja au kama i na u zinazofuatwa na kiwimbi chake, na tarakilishi mbili zisipokubaliana, jina unaloliona kwa macho halipatikani unapolitafuta. Ndani ya unukuzi tunaziandika kikamilifu, maana bila hizo Kikamba si Kikamba.

Nakala ya nje ya jengo tuliipeleka Kilungu kwenyewe. Tuna diski mbili za nje. Moja hukaa katika kabati la shule moja huko, na walimu huwachezea wanafunzi wao sauti za majirani zao. Nyingine hubaki kwetu ikijazwa mapya. Kila mwisho wa muhula mmoja wetu hupanda matatu na diski iliyojazwa, hurudi na ile ya zamani, na mwalimu hutia sahihi katika daftari. Kabla ya kuitwaa, hufungua faili tatu za kubahatisha na kuzisikiliza mpaka mwisho.