Kabla ya Kununua Kompyuta ya Sataranji, Uliza Prosesa Yake Inajua Nini

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika bei ya kompyuta moja yenye taa za rangi na kadi kubwa ya picha: shilingi 45,000. Pesa hizo amezikusanya kwa kupaka rangi nyumba za watu tangu Januari, na kwa dadangu kuna paa linalovuja linalozisubiri pia.

"Mjomba, nataka kuandika programu yangu mwenyewe ya sataranji. Hii itanifaa?"

Nikamwambia akae kwanza. Mimi si mtaalamu mkubwa, nina diploma yangu tu na miaka ya kufungua kompyuta za watu. Lakini kosa alilokuwa akilielekea, mimi nishalifanya. Mwaka 2021 nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, nikaambiwa ni nzuri na ni ya biti 64. Nyumbani nikaweka programu ya sataranji, ikazima papo hapo ikisema imepewa amri isiyoijua. Kumbe prosesa ilikuwa Celeron ya mwaka ule ule wa i5 ninayoisifu hapa chini, ila baadhi ya amri zilikuwa zimeondolewa. Muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye sikujua la kuuliza.

Basi, ndugu msomaji, la kuuliza ni hili.

Ubao wa sataranji una miraba 64, na prosesa ya biti 64 hushika namba ya tarakimu 64 za sifuri na moja kwa mpigo. Kwa hivyo vitunda vyeupe vyote vinaingia katika namba moja: penye kitunda panaandikwa 1, pasipo na kitunda 0. Kutafuta nani anamshambulia nani kunakuwa ni kulinganisha namba mbili tatu, badala ya kupitia mraba mmoja mmoja. Ndiyo maana prosesa inayojua amri ya POPCNT, yaani kuhesabu zile moja kwa hatua moja, inafaa sana kazi hii.

Mwaka 2020 mambo yalibadilika tena. Stockfish, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa, ilitoa toleo la 12 lenye mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE. Mtandao huo ndio unaopima nani yuko juu mchezoni, na ulibuniwa ufanye kazi ndani ya prosesa yenyewe. Unataka kujumlisha namba ndogo nyingi kwa pamoja, na amri za AVX2 hushughulikia namba 16 za biti 16 kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo kadi ya picha ya mpwa wangu ilipoanguka. Programu kama Leela Chess Zero hutegemea kadi hiyo kweli. Lakini kijana anayeanza kuandika programu ya aina ya Stockfish atakuwa amelipia kitu kitakachokaa bure.

Sasa tuingie sokoni. Kwa Intel, AVX2 ilianza mwaka 2013 na kizazi cha nne. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya zimejaa prosesa kama i5-4590, yenye viini vinne, na hiyo inatosha kabisa kuanzia. Namba ikianza na 3, kama i5-3470, AVX2 haimo. Ukiona Pentium au Celeron za kizazi hicho cha nne, rudi nyuma. Na kwa laptopu tazama herufi ya mwisho: i5-4300U ina viini viwili tu.

Kwa AMD kuna mtego mwingine. Ryzen za kwanza zina amri iitwayo PEXT, ambayo waandishi wa sataranji huitumia kutafuta njia za ngome na malkia, lakini huitekeleza polepole sana. Hilo lilirekebishwa katika Zen 3 mwishoni mwa 2020. Tena usiangalie jina la 5000 peke yake, kwani Ryzen 5 5500U ya laptopu bado ni Zen 2. Prosesa hizo si mbaya, ila mwandishi atumie njia nyingine badala ya PEXT. Uzuri wa AMD ni soketi ya AM4: unaweza kuanza na Ryzen ya bei ndogo, baadaye ukaweka ya mwaka 2020 juu ya mazabodi ile ile, mradi mazabodi hiyo inaikubali na programu yake ya ndani imesasishwa. Ile i5 ya kizazi cha nne haina pa kwenda mbali.

Kwa nini nasisitiza viini? Kwa sababu ukibadilisha mstari mmoja wa programu, huwezi kujua kama umeiboresha kwa kucheza michezo kumi. Inahitaji maelfu. Watu wa Stockfish hugawana kazi hiyo kwa kompyuta za watu wanaojitolea duniani. Wewe wa nyumbani una viini vyako tu, na kila kiini kinaendesha mchezo wake usiku kucha.

Na usiku kucha kwetu ni joto. Laptopu nyembamba ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kompyuta ya mezani ina nafasi na feni kubwa, na vumbi lake unalisafisha mwenyewe. Umeme nao ukikatika ghafla, kazi ya saa sita imekwenda, kwa hivyo weka akiba ya kifaa cha betri.

Jambo la mwisho: Windows 11 haizikubali rasmi prosesa hizi za kizazi cha nne, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 2025. Weka Linux, ni bure. Ukiwa dukani, andika lscpu na usome orodha ya amri. Ukiona popcnt, avx2 na bmi2, toa pesa.

Mpwa wangu alinunua i5 ya kizazi cha nne na betri yake, na zaidi ya nusu ya pesa ikabaki. Dadangu amepata mabati yake.

Juzi alikuja tena. Programu yake ilikuwa ikihesabu njia zote za kucheza tangu mwanzo wa mchezo. Kwa hatua nne ilipata 197,281, sawasawa. Kwa hatua tano ilitakiwa ipate 4,865,609, ikapata 4,865,351. Zimepungua 258.

"Mashine imekosea, mjomba?"

Hapana, mwanangu. Umesahau kwamba kitunda kinaruhusiwa kumla mwenzake aliyeruka miraba miwili akampita ubavuni. Mashine ni nzima. Rudi ukaandike.