Namba za Kugawana, Namba za Kushikana

Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu ya TANZAM, unapotoka Mwanjelwa kuelekea Uyole. Wasafwa ndio wenyeji wa eneo hili, lakini leo wanaishi ukuta kwa ukuta na Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha na Wakinga, pamoja na Wabena na Wahehe waliotoka Njombe na Iringa. Kila kabila lina taratibu zake za posa, harusi na mazishi, na taratibu hizo hazifanani. Kwenye namba, hata hivyo, watu hawa wote wameelewana. Ukichunguza sokoni, kwenye vikundi vya akiba na msibani, utakuta desturi moja: vitu vya kugawana hupangwa kwa namba zenye vigawo vingi, na watu wanaotakiwa kushikana hupangwa kwa namba zisizogawanyika.

Tuanze gengeni, kwenye nyanya za Ilula na viazi vya Uporoto. Mama muuzaji hamwagi nyanya ovyo juu ya meza. Fungu dogo lina nyanya tatu chini na moja juu, jumla nne. Fungu linalofuata lina nne chini na moja juu, jumla tano. Akitaka fungu kubwa, anaweka tisa chini, nne juu yake, na moja kileleni, jumla 14. Akianza na 16 chini anapata 30. Hizo 1, 4, 9 na 16 ni vipeo vya pili vya 1, 2, 3 na 4, ambavyo mtoto hukutana navyo shuleni. Mama huyu amevipata kwa mikono, kwa sababu tunda la mviringo hutulia likikaa kwenye kishimo kilicho kati ya manne yaliyo chini yake. Mpango huo una faida nyingine: mnunuzi anaona idadi kwa jicho. Fungu lililopungua nyanya moja linaonekana limekatika kichwa, na hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake.

Kisha inakuja nyongeza. Mteja akishalipa husema, "Mama, niongezee basi," na mama huchukua nyanya moja akamtilia kwenye mfuko: "Haya mwanangu, na kesho uje." Nyongeza huwa ni moja, fungu liwe dogo au kubwa. Hebu tuipigie hesabu. Aliyenunua fungu la nne ameongezewa robo nzima, yaani asilimia 25. Aliyenunua fungu la 14 ameongezewa kama asilimia 7 tu. Kwa hiyo desturi hii, bila kutangazwa na mtu, inamfaa zaidi yule mwenye hela ya fungu dogo. Mimi naiheshimu kuliko punguzo lolote la dukani, kwa kuwa punguzo la dukani kwa kawaida humpendelea anayenunua kwa wingi.

Kwenye nafaka namba kuu ni sita. Gunia la mahindi limezoeleka kuhesabiwa debe sita. Waliolima shamba pamoja wakiwa wawili, kila mmoja anachukua debe tatu. Wakiwa watatu, kila mmoja anapata mbili. Wakiwa sita, moja moja. Debe la lita 20 nalo linatoa sado tano za lita nne, kwa hiyo hata jirani asiye na uwezo wa debe anapata kipimo chake. Ndiyo sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamuumiza sana mkulima wa viazi. Gunia likishashonewa kilemba juu, kipimo cha wote kimevunjwa, na aliyelima hajui tena amemuuzia mwenzake kiasi gani. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia hilo. Kikomo hicho kinafaa kudaiwa na mkulima mwenyewe pale shambani, kabla lori halijapakiwa.

Namba 12 nayo ina kazi zake. Inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, na ndiyo inayobeba saa za mchana wetu, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Akina mama wa upatu huipenda pia: wakiwa 12 na kuchangia kila mwezi, kila mmoja anapokea mara moja kwa mwaka, na wa kwanza na wa mwisho wanapata kiasi kilekile.

Ukiingia kwenye kikundi cha akiba na mikopo, namba zinabadilika. Utaratibu unaotumiwa sana ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na sasa umeenea Tanzania nzima. Kamati ina watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Katika kila kikao mwanachama hununua hisa moja hadi tano. Sanduku lenyewe ni la chuma, na lina kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu ambao hawamo kwenye kamati, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Siku ya kikao sanduku huwekwa katikati, wenye funguo huitwa mmoja mmoja, na halifunguki mpaka kufuli ya tatu ilie.

Kwa nini tatu? Kufuli moja ni kumwamini mtu mmoja. Mbili ni rahisi marafiki wawili kupatana. Tatu inahitaji njama ya watu wengi mno kwa siri kukaa, na wakati huohuo siyo nyingi kiasi cha kikao kuahirishwa kila mara kwa kuwa mwenye ufunguo kasafiri. Na kamati ya watano haiwezi kupasuka nusu kwa nusu kwenye uamuzi. Tatu na tano ni namba tasa. Haziwezi kukatwa katika makundi yaliyo sawa. Fedha za wengi zimekabidhiwa kwa namba za aina hiyo, na inastahili.

Msibani nako ni tatu. Ndugu na majirani hukaa na wafiwa, na siku ya tatu matanga huanuliwa. Baadaye huja arobaini, hesabu inayofahamika kwa Wakristo na Waislamu, na ndiyo hiyohiyo inayompumzisha mzazi baada ya kujifungua. Kliniki husema wiki sita, yaani siku 42. Mila na hospitali zimepishana kwa siku mbili tu.

Namba mbili ilikuwa na historia nzito zaidi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kuwa kuzaliwa kwa mapacha kulionekana kuwa hatari kwa ukoo na hata kwa ng'ombe, na kulihitaji tambiko kabla wazazi hawajarudi katika maisha ya kawaida. Leo mapacha wa Ilomba huitwa Kulwa na Doto kama kwingineko nchini, na watu huja na zawadi mbili mbili.

Wazee nao wana ubao wao. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kila mchezaji anapewa 32: sita anaziweka kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 anabaki nazo mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Vijana kwenye kijiwe cha bodaboda wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na ubao wao pia una miraba 64. Namba hii unaikata nusu, na nusu yake nusu, ukipita 32, 16, 8, 4 na 2 hadi ubaki na moja, bila kuvunja kete hata moja. Ushindani wa haki unaanza na mgawanyo wa namna hiyo. Baada ya hapo ni akili ya mtu.

Watoto wetu hufundishwa darasani namba shufwa, witiri na tasa, wengi wakizikariri kwa ajili ya mtihani. Walimu wa hisabati wa Ilomba wawapeleke gengeni wahesabu mafungu, na wazazi wawaruhusu kukaa pembeni siku sanduku linapofunguliwa. Atakayekua akijua ni namba gani ya kugawia mali na ni ipi ya kulindia fedha za watu hataishia kufaulu mtihani tu. Ataweza kukabidhiwa ufunguo.