Bibi Afya na Jodari Asiye na Macho

Sogeeni, nafasi ipo. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina bibi afya, ina jodari aliyekatwa vipande, na ina duka la samaki la Dar es Salaam. Msiniulize ni duka gani, kwa sababu nimelitunga mwenyewe ili nitie humo kila kitu ninachotaka mkione.

Duka letu hununua samaki Feri, lile soko la Kivukoni ambako mashua hushusha alfajiri na mnada huanza watu wengine wakiwa bado wamelala. Mwenye duka huitwa Mjomba na watoto wote wa mtaa. Ana masanduku mawili ya barafu, meza ya vigae, mzani, na pembeni karai la kukaangia na sufuria ya supu ya pweza.

Saa tatu asubuhi bibi afya anaingia bila kupiga hodi. Kazi yake ndivyo ilivyo. Akitoa taarifa mapema atakuta duka lililosuguliwa kwa ajili yake. Ametoka halmashauri, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ruhusa ya kuingia, kukagua, na kuzuia chakula kisichofaa kuliwa.

"Shikamoo, bibi afya," anasema kijana wa dukani, huku akiutupia kitambaa ubao wa kukatia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu funua hapo."

Ubao una nyufa nyeusi za visu vya miaka. Ndani ya nyufa hizo maji ya samaki mbichi hujificha, na sabuni haifiki. Hilo peke yake lisingekuwa kubwa sana, lakini juu ya ubao huohuo ndipo kijana anapokatia pweza aliyekwisha chemshwa. Samaki mbichi ataingia motoni, bakteria wake wafe. Pweza wa kwenye sahani harudi tena jikoni. Anachookota ubaoni anakwenda nacho moja kwa moja mdomoni mwa mteja.

Kisha bibi afya anaomba cheti cha kijana cha kupimwa afya. Wanaoshika chakula hupimwa kila baada ya miezi sita, na wengi hununa wakidhani wanashukiwa uchafu. La hasha. Kuna watu hubeba vimelea vya homa ya matumbo mwilini bila kuumwa hata kichwa, wakawagawia wengine kwa mikono yao. Mtu wa namna hiyo hajijui mpaka apimwe.

Sasa anafika kwenye samaki wenyewe, na hapa tukae kidogo.

Anaanza na changu. Macho yametokeza na yanang'aa; hayajafikia kuwa na ukungu wala kudidimia. Ananyanyua kifuniko cha shavu na kutazama matamvua: mekundu, hayajageuka kahawia. Anambonyeza kwa kidole gumba, nyama inarudi ilivyokuwa. Samaki aliyechoka hubaki na shimo la kidole. Haya yote hata ninyi mnaweza kuyafanya mkitumwa sokoni, ilimradi muuzaji asiwafokee. Anamnusa taa pia. Taa na papa hubeba urea nyingi katika nyama zao, na wakianza kuharibika urea hiyo hugeuka amonia, ile harufu inayochoma pua. Taa wa Mjomba hachomi pua. Anapita.

Halafu jodari. Jodari huyu hana macho, hana matamvua, hana kichwa. Amekuja vipande vinene vyekundu, vizuri, havina harufu yoyote. Mimi ningenunua.

Bibi afya anatoa kipimajoto chake, chembamba na kirefu kama spoku ya baiskeli, anakizamisha mpaka katikati ya kipande. Kinasoma nyuzi 14. Samaki mbichi hutakiwa awe karibu na sifuri, joto la barafu inayoyeyuka, na nyuzi 4 ni mwisho. Sababu inaonekana: vipande vimelazwa juu ya barafu kwa ajili ya kupendeza, badala ya kufukiwa ndani yake.

"Huyu alitoka majini lini?"

Mjomba anakuna kidevu. "Jana. Au juzi usiku. Hanuki lakini, bibi afya!"

"Sijasema ananuka."

Nyama ya jodari ina kitu kiitwacho histidini kwa wingi; nguru na vibua wanacho pia. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo yake huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Jodari ni mkubwa, tena mwili wake una joto kuliko wa samaki wengi, kwa hiyo hupoa polepole. Saa kadhaa za jua kwenye mashua zinatosha kuanzisha kazi. Anayemla huweza kuhisi ulimi ukiwasha kama aliyelamba pilipili, kisha uso unaiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakimbia. Wengi husema ni aleji.

"Basi nitamgandisha sasa hivi," anasema Mjomba.

"Baridi inazuia histamini mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kutengenezwa haiondoki. Hata moto hauiondoi."

Namwonea huruma Mjomba. Barafu ni ghali, umeme hukatika, na jodari yule alilipiwa fedha taslimu. Ila bibi afya hawezi kuyaona mambo aliyopitia samaki yule tangu anase, na kipimajoto kinamwambia tu kwamba mwisho wake si mzuri. Kutojua samaki kapitia nini kumewahi kuumiza nchi nzima, siyo duka moja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya habari kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga sumu majini. Sangara safi walikataliwa pamoja na wabaya, kwa kuwa hapakuwa na ukaguzi wa kutosha wa kuonyesha yupi kavuliwa vipi.

Bibi afya anaandika: ubao mpya, kisu cha pweza peke yake, sanduku litobolewe chini maji yatoke, samaki wafukiwe. Jodari asiuzwe; kipande kimoja kinakwenda maabara.

Kijana anauliza kwa sauti ndogo, "Na wale waliokwisha kununua leo?"

Mjomba anamtazama bibi afya, anafungua droo, anahesabu noti. Dakika chache baadaye kijana anatimua mbio mpaka kwa mama ntilie wa kona ya pili, anakuta vipande viko kwenye mafuta.

"Shikamoo, mama. Usimuuze huyo jodari. Bibi afya kamkataa."

"Marahaba. Kamkataa nini, nami nimemkaanga mpaka kakauka?"

"Moto hauiondoi, mama."

"Hauondoi nini?"

Ikabidi kijana amweleze histamini yote tangu mwanzo, huku akihema, na wateja wawili wamesimama na sahani mkononi. Mama ntilie alisikiliza mpaka mwisho, akaepua karai.

"Na hela yangu?"

"Hii hapa."