Diski mpya yaweza kuonekana bila kuzima seva

HOSPITALI ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, hupokea wagonjwa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Katika hospitali ya ukubwa huo, seva yenye kumbukumbu za wagonjwa ikizimwa asubuhi, hata kwa dakika kumi, foleni hukwama dirishani. Hata hivyo, wako mafundi ambao kila nafasi ya kumbukumbu inapojaa huongeza diski kisha huzima mtambo na kuuwasha upya. Kwa seva za Linux, usumbufu huo mara nyingi hauna sababu.

Hifadhi ya mtandao haikai ndani ya seva. Diski zimo katika kabati jingine, na msimamizi wake huikatia kila seva kipande chake. Linux huvitafuta vipande hivyo inapowashwa. Kinachoongezwa baadaye kinaweza kukaa bila kuonekana mpaka seva iambiwe itazame tena.

Ikiwa seva imeunganishwa na kabati kwa njia ya iSCSI, ambayo hutumia mtandao wa kawaida, fundi aliyeingia kwa akaunti ya root huandika:

iscsiadm -m session --rescan

Kwa nyaya za mkongo, amri ni hii:

echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan

Vistari vitatu humaanisha njia zote, vifaa vyote na vipande vyote. Amri hurudiwa kwa host1 na nyinginezo zilizopo. Njia hii ilikuja na kiini cha Linux toleo la 2.6, lililotolewa Desemba 2003. (Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini amri za namna hii bado huandikwa kama zilivyo.)

Kisha lsblk huorodhesha diski zote. Hapa ndipo penye hatari. Kipande kimoja kikifikiwa kwa nyaya mbili huonekana mara mbili, kwa majina mawili, na fundi mwenye haraka hudhani amepewa diski mbili. Majina kama sdb nayo yaweza kubadilika seva ikiwashwa siku nyingine. Kwa hiyo ukubwa na namba ya utambulisho ya diski vilinganishwe na alivyotaja msimamizi wa kabati, kabla ya kufomati chochote. Diski isiyo yenyewe ikifomatiwa, majalada ya wagonjwa hufutika.