Fahamu: Vikope, maradhi ya macho ya Kongwa

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako maji ni adimu na inzi huandamana na ng'ombe hadi mlangoni, vikope, yaani trakoma, vimewatesa watu kwa vizazi, na kwa akina mama walezi wa watoto, dhiki hiyo naiona ni dhulma. Tabibu, kwa lenzi ya kukuzia, hupindua ukope wa juu, kwani katika utando wa ndani ndimo bakteria wa klamidia huzusha vipele vyeupe; maambukizi yakijirudia, makovu huuvuta ukingo wa ukope ndani, nywele zake zikaikwaruza konea kila mtu apepesapo, hata nuru ikafifia. Upasuaji huurekebisha ukope. Dawa ya azithromaisini huua bakteria hao. Na utafiti wa Kongwa uliochapishwa 1995 ulionyesha kuwa tiba ikiambatana na kuwaosha watoto nyuso, trakoma kali hupungua.